Dola ya Sayyid Said na Rekodi Nyingine za Sarafu

Swali langu lilikuwa la bei. Mzee aliyeketi nyuma ya meza hakulijibu. Aliiweka lenzi yake chini, akaniuliza lake: "Hizi zimetoka wapi?"

Tulikuwa katika ukumbi wa hoteli jijini London, siku ya maonyesho ya sarafu. Kila meza ilikuwa na taa yake, mizani ndogo, na trei za mahameli zenye sarafu zilizopangwa safu kwa safu. Mimi nilikuwa na kopo la Kimbo. Ndani yake mlikuwa na sarafu alizoacha nyanya yangu alipofariki Mombasa, na nilipotaka kuzimimina juu ya kitambaa, mzee aliniinulia kiganja. Sarafu haimiminwi, alisema. Hutolewa moja moja, hushikwa kwa ukingo, na kidole hakigusi sura wala maandishi, kwa sababu jasho huacha doa ambalo baada ya miaka halitoki tena.

Basi tukazitoa moja moja. Zilikuwa 31. Kwa kila moja aliuliza yale yale: nani alikuwa nayo kabla yako, aliipata wapi, kuna karatasi yoyote? Kwa nyingi sikuwa na jibu. Niliondoka pale nikijua madini na umri wa kila sarafu, lakini lililobaki moyoni ni lile swali, na tangu siku hiyo nazisoma rekodi za sarafu za dunia kwa jicho jingine. Iliyo ghali kuliko zote, iliyosafiri mbali kuliko zote, iliyopotea ikarudi: karibu kila moja imefika kileleni kwa kuwa yupo mtu anayeweza kueleza imetoka wapi.

Tuanze na bei, kwa kuwa ndiyo kila mtu huiulizia.

Sarafu ya dhahabu ya Marekani ya dola 20, yenye mwaka 1933, iliuzwa mnadani Sotheby's jijini New York mwezi Juni 2021 kwa dola milioni 18.9. Kwa viwango vya wakati ule ni zaidi ya shilingi bilioni 2 za Kenya, kwa kitu chenye uzito wa gramu 33 na ushei. Dhahabu iliyomo si ya ajabu. Mwaka 1933 zilipigwa chapa 445,500, lakini Rais Franklin Roosevelt aliamuru dhahabu ya wananchi irudishwe serikalini, na sarafu hizo mpya zikayeyushwa kabla ya kutoka. Chache zikaponyoka kiwandani Philadelphia. Moja ikamfikia Mfalme Farouk wa Misri, mkusanyaji asiyejua kutosheka, na mwaka 1944 maofisa wa Marekani wakatoa kibali cha kuipeleka Misri bila kutambua ni kitu gani wanachokiruhusu.

Kibali kile ndicho kilichoiokoa. Farouk alipinduliwa mwaka 1952 na hazina zake zikapigwa mnada. Marekani ikaidai sarafu, nayo ikatoweka, hadi mwaka 1996 ilipoonekana mikononi mwa mfanyabiashara Mwingereza aliyekamatwa na makachero ndani ya hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Kesi ikaisha kwa mapatano: iuzwe, pesa zigawanywe nusu kwa nusu. Mwaka 2002 ikaenda kwa dola 7,590,020. Zile 20 za mwisho zililipwa Hazina ya Marekani ili sarafu ihesabike kuwa imetolewa rasmi, yaani iwe fedha halali kwa mara ya kwanza tangu ipigwe chapa miaka karibu 70 iliyokuwa imepita.

Sarafu nyingine 10 za mwaka ule ule, za dhahabu ile ile, zilijitokeza baadaye katika familia ya sonara wa Philadelphia. Familia ilizipeleka serikalini zikaguliwe kama ni halisi. Zilikuwa halisi, na serikali ikazishikilia. Mahakama ziliamua kwamba zilitoka kiwandani kwa wizi, na warithi hawakupata hata senti. Kinachoitenganisha ile ya mamilioni na hizi 10 ni karatasi moja yenye tarehe ya mwaka 1944.

Lakini rekodi ninayoipenda kuliko zote ni ya dola ya fedha, na historia yake inapita kwetu.

Mwaka 1833 Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Unguja. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa wameshazoea kuja Unguja kufuata pembe za ndovu na sandarusi, na nguo waliyotuletea bado inabeba jina lao katika lugha yetu: merikani. Mjumbe aliyeufanya mkataba huo, Edmund Roberts, alipojiandaa kurudi na nakala iliyothibitishwa, alihitaji zawadi za heshima kwa watawala wa Mashariki. Ikaamuliwa miongoni mwa zawadi iwemo seti ya sarafu za Marekani za kila aina, zilizopigwa kwa uangalifu wa pekee na kung'aa kama kioo.

Hapo mafundi wa Philadelphia wakakutana na tatizo. Dola ya fedha ilikuwa haijatengenezwa kwa miaka 30 hivi. Madaftari yalionyesha kuwa mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1804, nao wakachonga mihuri mipya yenye mwaka huo. Wasichokijua ni kwamba dola zilizotoka kiwandani mwaka 1804 zilipigwa kwa mihuri ya miaka iliyotangulia. Hivyo katika mwaka 1834 ikazaliwa dola yenye tarehe ambayo hakuna dola iliyowahi kuwa nayo. Za kundi hilo la kwanza zinazojulikana duniani ni 8.

Roberts alisafiri na meli ya kivita iitwayo Peacock. Mwezi Septemba 1835 meli ilikwama kwenye matumbawe karibu na kisiwa cha Masirah, pwani ya Oman, na Roberts akatangulia Muscat kwa mashua kuomba msaada. Sayyid Said akausaidia msafara, na zawadi zikamfikia. Kutoka hapo Roberts alikwenda Siam, akakabidhi seti ya pili kwa mfalme wa huko. Mwaka 1836 alifariki Macau kabla ya kumaliza safari yake. Seti mbili tu ndizo zilizofika kwa waliokusudiwa.

Dola inayohesabiwa kuwa ya Sayyid Said ilijitokeza Uingereza kwa mkusanyaji C. A. Watters wa Liverpool, ikauzwa London mwaka 1917, ikarudi Amerika ilikozaliwa. Mwaka 1999 iliuzwa kwa dola milioni 4.14, na siku hiyo hakukuwa na sarafu duniani iliyowahi kufika bei hiyo. Mwezi Agosti 2021 ikauzwa tena kwa dola milioni 7.68. Katika kipimo cha wakaguzi kinachoishia 70, imepewa 68, na kati ya zile 8 hakuna nzuri kuipita.

Nafikiri kuhusu uzuri huo. Sarafu hubaki hivi pale tu isipotumika, isipozunguka sokoni, isiposuguliwa na mtumishi mwenye bidii. Tunajua Sayyid Said alijibu urafiki kwa urafiki: mwaka 1840 meli yake Sultana ilitia nanga New York ikiwa na karafuu, tende, kahawa, ngozi na pembe, pamoja na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, ambaye picha yake iliyochorwa huko bado ipo. Kila mtoto aliyesoma historia ya Unguja amekutana na Sultana. Dola hii haimo katika masomo hayo, na kwa wakusanyaji inaitwa dola ya Sultani wa Muscat. Unguja, ambako mtawala huyo alihamishia makao yake na ambako amezikwa, haimo katika jina la sarafu. Ningependa siku moja iwekwe katika kioo, hata kwa mkopo wa wiki chache, mahali ambapo Mzanzibari anaweza kuitazama bila kulipia nauli ya ndege.

Kuhusu maonyesho yenyewe, tukio kubwa kuliko yote lilitokea Baltimore, mwishoni mwa Julai 2003, katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wakusanyaji Sarafu cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1891.

Kuna sarafu ya senti 5 ya Marekani yenye mwaka 1913 na kichwa cha mwanamke anayewakilisha Uhuru. Haikupaswa kuwapo, maana mwaka huo mchoro ulikuwa umeshabadilishwa. Zilipigwa 5 kwa siri. Mojawapo ilikuwa ya George Walton, mkusanyaji aliyekufa katika ajali ya gari mwezi Machi 1962 akiwa njiani kwenda kwenye maonyesho ya sarafu huko North Carolina, sarafu zake zikiwa garini. Warithi walipoipeleka kwa wataalamu, ilirudishwa na jibu kuwa ni ya bandia, tarehe imechezewa. Dada yake hakuitupa. Aliitia katika bahasha akaihifadhi nyumbani kwake Virginia, ikakaa miaka 40.

Waandaaji wa mkutano wa 2003 walipanga kuonyesha zile 4 zilizojulikana zilipo, na mfanyabiashara mmoja akatangaza kuwa yuko tayari kulipa angalau dola milioni 1 kwa ile ya tano. Jamaa za Walton, wakati huo dada yake ameshafariki, wakaichukua bahasha yao wakaenda Baltimore. Usiku ule kundi la wataalamu 6 lilijifungia na sarafu zote 5. Nikilifikiria jambo hili nauona ule unyamavu wa chumba: mtu anaishika moja chini ya taa, anaiinamisha kidogo, anaiweka, anaishika nyingine. Walizilinganisha mstari kwa mstari, kwa sababu sarafu zilizotoka katika muhuri mmoja hufanana hata kwa kasoro. Saa sita za usiku zikapita. Uamuzi ukawa wa pamoja: ni halisi, na imekuwa halisi siku zote. Mwaka 2013 ikauzwa kwa dola milioni 3.17. Nyingine kati ya hizo 5, iliyo bora kuliko zote, ilifika dola milioni 4.56 mwaka 2018.

Watu wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya mamilioni. Mimi namwangalia yule dada. Aliambiwa na wajuzi kwamba hana kitu, lakini alimjua kaka yake, alijua sarafu hiyo ilikuwa na nani hadi saa ya ajali, akaitunza.

Neno kidogo kuhusu kipimo kile cha 70, maana msomaji akienda na kopo lake mezani atakisikia. Kilibuniwa na William Sheldon, ambaye mwaka 1949 alitoa kitabu kuhusu sarafu za zamani za senti moja za Marekani. Aliona kuwa senti ya 1794 isiyo na dosari ina bei mara 70 ya ile iliyolika hadi inatambulika kwa shida, na hesabu hiyo ikawa ngazi: 1 chini kabisa, 70 juu kabisa. Bei za senti zile zimebadilika zamani, ngazi imebaki. Tangu miaka ya 1980 yako makampuni yanayokagua sarafu kwa malipo, yakaipa alama, yakaifungia katika kisanduku kigumu cha plastiki. Tofauti ya alama moja huko juu inaweza kuwa bei ya nyumba.

Na hakuna kinachoishusha sarafu upesi kama usafi. Katika kopo la nyanya mlikuwa na shilingi za simba wa Afrika Mashariki za miaka ya 1920, zinang'aa mpaka unajiona. Nilizitegemea sana hizo. Mzee aliinamisha moja kwenye taa akanionyesha mikwaruzo mingi myembamba, yote ikielekea upande mmoja. Ni majivu na limau, au dawa ya kusafishia masufuria. Mtu mwenye nia njema aliisugua, na ngozi ya juu ya chuma, ambayo ndiyo mkusanyaji anailipia, ikaondoka. Pia hazikuwa fedha tupu kama tulivyoamini nyumbani. Shilingi za tangu 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha tu. Robo tatu ni madini mengine. Nilimwuliza pia anavyopiga bei, naye akanieleza kwa uwazi: bei yake ya kununua ni ndogo kuliko bei ya kuuza, kwa kuwa ana meza ya kulipia, kwa hiyo mtu asiuze kabla ya kuzunguka meza tatu.

Rekodi za ukubwa zinachekesha macho lakini haziniongezei mengi, kwa hiyo nitazipitia kwa haraka. Nzito kuliko zote ni ile ya kiwanda cha Perth, Australia, iliyozinduliwa mwaka 2011: tani moja ya dhahabu, kipenyo karibu sentimita 80, na juu yake imeandikwa thamani ya dola milioni 1 za Australia. Ndogo kuliko zote ni ya Uswisi ya mwaka 2020, robo faranga ya dhahabu yenye upana wa milimita 2.96 na uso wa Einstein. Huuzwa na lenzi yake, la sivyo mnunuzi angeona chembe tu. Sarafu nzito zaidi iliyotengenezwa ili watu walipane kwayo ni ya Sweden ya mwaka 1644, bamba la shaba la daler 10 lenye kilo 19.7. Sweden ilikuwa na shaba nyingi na fedha kidogo, na ikataka thamani ya sarafu iwe sawa na ya shaba yenyewe. Kwenda sokoni na pesa kulihitaji mkokoteni.

Kuhusu mikokoteni, Kanada ilitengeneza mwaka 2007 sarafu ya dhahabu ya kilo 100. Mojawapo ilikuwa katika jumba la makumbusho la Bode, Berlin. Usiku wa Machi 27, 2017 wezi waliingia kwa dirisha lililo karibu na njia ya reli, wakaibeba kwa toroli, wakatoweka nayo. Walipatikana wakahukumiwa. Sarafu haijapatikana mpaka leo, na karibu hakika imeshayeyushwa. Dhahabu ikiyeyushwa haina wa kuisemea.

Rekodi ya safari ni ya Kilwa.

Masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga chapa sarafu zao za shaba karne nyingi kabla Wareno hawajaiona bahari yetu. Ukiishika moja utaona mwandiko wa Kiarabu pande zote mbili, bila sura ya mtu. Upande mmoja ni jina la sultani, wa pili ni maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno hayo yamechaguliwa ili mwisho wake ulingane kwa sauti na mwisho wa jina. Kwa maneno mengine sarafu ina vina. Unaugeuza upande wa pili unamalizia ubeti. Sijui nchi nyingine ambako pesa ya kununulia samaki ilitungwa hivyo, na kwa watu wa pwani, ambao mpaka leo hatuandiki mwaliko wa harusi bila kutafuta kina, jambo hili halishangazi.

Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa karne ya 14 aliyejenga jumba la Husuni Kubwa na aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, ilipatikana ndani ya magofu ya Great Zimbabwe, bara kabisa, kwenye njia ya dhahabu iliyoshuka bandari ya Sofala. Za dhahabu za sultani huyo huyo zinazojulikana ni 3 tu. Kisha iko ile safari ambayo kila mara huniacha nimeshika tama. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Morry Isenberg, aliyekuwa zamu katika kituo cha rada cha visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu 9 kwenye mchanga. Alizitia katika kikopo, akaweka alama kwenye ramani mahali alipoziokota, na akasahau kwa zaidi ya miaka 30. Zilipokaguliwa, 4 zilikuwa za Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, na 5 za Kilwa. Kutoka Kilwa hadi Wessel ni zaidi ya kilomita 10,000 kwa mstari ulionyooka, na hakuna chombo cha tanga kinachokwenda kwa mstari ulionyooka. Ile alama kwenye ramani ndiyo iliyowawezesha watafiti kwenda kupekua ufuo ule mwaka 2013. Bila alama hiyo zingekuwa shaba tano za kizamani katika droo.

Nyumbani pia tuna hazina ya kujivunia. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilichimbuliwa hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa hapo hapo, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka mbali, na ikathibitika kwamba pwani hii ilikuwa na fedha yake tangu karne ya 11.

Sarafu iliyozaliwa katika dhiki kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya Tabora. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoikata koloni ya Wajerumani na bahari, pesa ziliwaishia. Mwaka 1916 katika karakana ya reli walianza kupiga sarafu zao: za heller kutokana na shaba ya maganda ya mizinga na vyuma chakavu, na za rupia 15 kutokana na dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Singida. Hizo za dhahabu zilifika 16,198. Zina tembo aliyeinua mkonga, mlima nyuma yake, na herufi T chini. Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji. Leo tembo wa Tabora hutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na hughushiwa sana, kwa hiyo anayeuziwa mmoja barabarani aupime uzito kwanza: gramu 7.17. Heller yenyewe imekufa kama pesa, lakini Mtanzania anaitaja kila siku anaposema hana hela.

Kuna rekodi inayoweza kupotea pia. Mwezi Oktoba 2020 sarafu ya dhahabu ya Brutus, yenye majambia mawili kukumbuka kuuawa kwa Julius Caesar, iliuzwa London kwa pauni milioni 3.24, bei ambayo hakuna sarafu ya kale iliyokuwa imewahi kuifikia. Maelezo yaliyoandikwa kuhusu wamiliki wake wa zamani yalikuwa ya uongo. Ikakamatwa, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki. Mwaka huo huo rekodi ilichukuliwa na sarafu ya Panticapaeum, mji wa kale wa Wagiriki kwenye Bahari Nyeusi, iliyouzwa Zurich kwa zaidi ya faranga milioni 4 za Uswisi.

Nirudi kwenye kopo, maana nalo lilikuwa na mambo.

Mlikuwa na peni moja, yaani senti kumi yenye tundu, ya mwaka 1936. Mzee alitabasamu alipoiona, akanionyesha jina lililozunguka taji: EDWARDVS VIII. Mfalme huyo alitawala siku 326 akajiuzulu kwa ajili ya mwanamke aliyempenda, kabla hajatawazwa. Kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa. Pauni yake ya dhahabu ya majaribio, yenye mwaka 1937, iliuzwa mwaka 2020 kwa pauni milioni 1, na ile kubwa ya pauni 5 ikauzwa Marekani mwaka 2021 kwa dola milioni 2.28. Lakini peni na ndururu za Afrika Mashariki hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na taji, jina na pembe mbili za ndovu, hivyo zilitengenezwa kwa mamilioni zikaletwa huku. Mama zetu walinunulia chumvi sarafu za mfalme ambaye raia wake wa London hawakuwahi kuzishika. Bei ya peni yangu ni ya chai na mandazi. Hata hivyo niliishika tofauti baada ya hapo.

Na mlikuwa na riale moja. Sisi nyumbani tuliiita hivyo. Ni dola kubwa ya fedha ya Maria Theresa, malkia wa Austria, yenye tai wa vichwa viwili na mwaka 1780. Nilikuwa nimewaambia ndugu zangu kwamba tuna sarafu ya karne ya 18. Hii ndiyo sarafu yenye rekodi ya kurudiwa. Malkia alifariki mwaka huo wa 1780, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Uarabuni na pwani yetu walikuwa wameshaizoea na hawakutaka nyingine, basi ikaendelea kupigwa chapa kwa tarehe ile ile, Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko, kwa mamilioni juu ya mamilioni. Vienna huitengeneza hadi sasa. Umri wake husomwa kwa mambo madogo: lulu za kishaufu begani, manyoya ya mkia wa tai. Yangu, kwa alama hizo, ni ya karne ya 20. Kwenye ukingo, juu ya kichwa cha malkia, palikuwa na kovu la lehemu, alama kwamba iliwahi kuunganishwa kitanzi. Kwa mkusanyaji hilo ni jeraha, na mzee akaipa bei ya fedha iliyomo, basi.

Jioni ile nikampigia mama mdogo, Mombasa. Nilimtajia kila sarafu naye akanieleza alichokumbuka, na nilipofika kwenye riale akanyamaza kidogo.

"Ina alama ya kitanzi juu?"

"Ndiyo, mama. Mtaalamu anasema imeharibika."

"Haikuharibika, mwanangu. Hiyo ni ya kati kwenye kidani cha nyanya yako. Babu yako alikitoa katika mahari. Zilikuwa saba. Sita ziliuzwa mwaka wa njaa, moja moja, kwa sonara wa Old Town, na hii hakutaka kuiuza. Akakitoa kitanzi mwenyewe kwa kisu akaitia kwenye kopo, asije mtu akaiona shingoni akamuuliza nyingine ziko wapi."

Nimeitia katika bahasha ya karatasi peke yake, na juu yake nimeandika kwa kalamu jina la nyanya, jina la babu, kidani cha riale saba, na jina la mama mdogo aliyesema.